Mkwe na Mgeni Asiyepiga Hodi

Pikipiki ya Zubeir ilikuwa na siku nane tu tangu itoke dukani, na kiti chake kilikuwa bado na nailoni. Ilifika katikati ya hori ya Mtondooni, pale ambapo maji yakipwa watu wa Wingwi hukatisha kwa miguu, ndipo pindo la kanga ya Bi Mwanabaraka likaingia kwenye mnyororo. Gurudumu la nyuma likakwama. Pikipiki ikaserereka, ikapinduka, ikamlalia Zubeir mguu wa kulia. Bi Mwanabaraka, aliyekuwa amekaa upande kama mtu aliyekaa kitandani, akaruka na kikapu chake cha bizari, akatua kwenye tope kwa makalio.

"Zima, baba!" alipiga kelele. "Zima ufunguo, nasikia harufu ya petroli!"

Zubeir akanyoosha mkono, akazima. Kisha akalia kwa uchungu, maana ekzosi ilikuwa ya moto na ilikuwa juu ya shavu la mguu wake. Bi Mwanabaraka akateka maji ya chumvi kwa viganja, akamwagia mara tatu, mara nne, mpaka bomba likaacha kufuka mvuke.

Wangeweza kuyaepuka haya yote. Bi Mwanabaraka ni mama wa Rahma, mke wa Zubeir, aliyejifungua siku sita nyuma kwa mamake ng'ambo ya hori. Akika ni kesho. Zubeir alimkuta mkwewe sokoni na kikapu kizito, akamwambia apande. "Shika, mama," alisema. "Nimeshika," alijibu Bi Mwanabaraka. Alichoshika ni kikapu. Mwanamke wa heshima atamkumbatiaje mkwewe kiunoni, Wingwi nzima inatazama? Zubeir naye aliiona ile kanga inapepea karibu na gurudumu, akaona aibu kumwambia mama mkwe akunje nguo. Helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani, kwa kuwa ingemharibia kofia yake ya viua. Na walipofika ukingoni, mama mtu alisema mara moja tu, "Leo bamvua, baba, maji makubwa." Naye akajibu, "Tutawahi, mama." Basi mama hakurudia, maana mkwe habishani na mkwe. Dereva alikuwa Zubeir, lakini usukani ulishikwa na haya.

Sasa Bi Mwanabaraka alishika mpini wa pikipiki, akavuta. Haikutikisika. Tope liliifyonza kama mtoto afyonzavyo titi.

"Simu yako i wapi?"

"Mfukoni. Mfuko uko chini yangu."

Alipoitoa, ilitoka na maji ndani ya kioo.

"Umemwambia mtu kama tunapita kuno?"

Zubeir akatazama kando. "Sikumwambia mtu, mama."

Bi Mwanabaraka akasimama, akatazama upande wa bahari. Mstari mweupe ulikuwa unatambaa juu ya mchanga, mwembamba kama uzi wa kushonea. Aliujua. Tangu usichana wake ameokota chaza katika hori hii. Bamvua halina mchezo: likianza kujaa, mtu mzima mwenye miguu yake miwili hukimbia. Mwenye mguu mmoja chini ya pikipiki hakimbii.

Akaifungua helmeti kwenye usukani, akapiga magoti, akaanza kuchimba nayo chini ya goti la Zubeir.

"Mama, acha, utachafuka."

"Nishachafuka. Weye kazi yako usilale. Kitendawili!"

Zubeir midomo ilikuwa imepauka. "Tega."

"Kobe wangu nyumba kaiweka kichwani, mgongo kauacha wazi."

Zubeir akafikiri. Damu ilikuwa inamtoka kwenye ugoko, pale kikanyagio kilipompasua, ikichanganyika na tope. "Konokono?"

"Konokono ana kichwa cha kuwekea nyumba? Nipe mji."

"Chukua Wete."

"Wete nimeipata. Nimeshakwenda Wete, nikala, nikashiba, nikarudi." Huku anachimba. Kila akitoa helmeti moja ya tope, nusu hurudi. Akabadili: akachimba mtaro pembeni kwanza, tope literemkie huko, kama wafanyavyo wanawake kwa chaza aliyezama sana. "Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu huja mara mbili kwa siku, wala hapigi hodi."

Hapo Zubeir hakutoa mji. Jibu lilikuwa limeshamgusa kisigino, baridi. Maji yalipita chini ya mgongo wake, yakainyanyua kofia ya viua, yakaenda nayo taratibu.

"Mama," alisema polepole, "nenda zako. Mwambie Rahma mtoto aitwe Bakar."

"Utamwita mwenyewe. Mie si tarishi wako."

"Maji yakinifika kidevuni utafanya nini?"

"Yakikufika kidevuni nitakuwa nimekwisha kukutoa." Akaitupa helmeti, akaingiza mikono yote miwili ndani ya shimo mpaka mabegani, akalitafuta fundo la mguu. Akalipata. Kiatu ndicho kilichonasa. Akang'oa kamba ya kiatu kwa kucha.

Maji yalifika masikioni mwa Zubeir. Akainua shingo, akaanza kusoma shahada.

Bi Mwanabaraka akaja nyuma yake, akasita. Kwa miaka minne ya ukwe wao hawajawahi hata kushikana mikono ya Idi.

"Zubeir mwanangu," alisema, "haya yetu tuiache hapa hapa. Maji yakipwa tutaikuta."

Akampenyeza mikono chini ya makwapa, akafunga vidole kifuani pake, akakaza miguu. "Nikisema bismillahi, weye sukuma kwa mguu mzima. Bismillahi!"

Mguu ulitoka kwa mlio kama kizibo cha chupa. Kiatu kilibaki. Wote wawili wakaanguka chali ndani ya maji, na Zubeir akapiga ukelele uliowarusha ndege kwenye mikoko.

Kusimama hakuweza. Mguu ulining'inia. Bi Mwanabaraka akaitwaa kanga yake ya kichwani, ile ya kiunoni imebaki kwenye mnyororo, akamfunga nayo chini ya makwapa, ncha akaizungusha mkononi.

"Lala chali. Maji haya haya yaliyotaka kukuzamisha yatakubeba. Usipige mguu. Tazama mbingu."

Wakaenda hivyo, yeye maji yakiwa kiunoni, kisha kifuani, akimvuta kama avutavyo gunia la mwani. Hakuelekea ng'ambo moja kwa moja. Alifuata mstari wa mikoko, anakojua chini kuna mchanga mgumu. Nyuma yao pembe za usukani zilionekana mara ya mwisho, kisha hazikuonekana.

Haitham, mdogo wake Rahma, alikuwa amefuata ng'ombe pembezoni mwa mikoko. Alipomwona mamake akitoka majini na mtu kwenye kanga, aliiachia kamba ya ng'ombe.

"Mama! Nani huyo amekufa?"

"Hajafa. Kanipa Wete. Mshike miguu, huo wa kulia polepole!"

Bi Mwanabaraka alikaa mchangani, akacheka, machozi yanamtoka, akashindwa kuacha yote mawili.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pamoja. Hospitali ya Chake Chake walimfunga plasta. Akika ikasogezwa wiki mbili, mtoto akaitwa Bakar na babake mwenyewe. Pikipiki ilitolewa kwa kamba na watu tisa, fundi akaitoa maji ya bahari na pweza mmoja mdogo.

Mwezi wa nne tangu siku ile Zubeir alisimama mbele ya nyumba ya mkwewe, helmeti kichwani, nyingine mkononi, mpya. Mnyororo ulikuwa umefunikwa bati.

"Nimekuja kuchukua Wete yangu," alisema.

"Bila jibu?"

Zubeir akajigonga kichwani, ko ko ko. "Kobe ndiye mimi."

Bi Mwanabaraka akacheka, akaivaa yake juu ya mtandio. Akakunja baibui, akalichomeka pindo, akapanda kwa kutanua miguu, suruali ndani. Akamwita Rahma dirishani: "Tunakwenda sokoni, tunapita barabara kubwa! Tusiporudi adhuhuri, tuulizeni!"

"Umeshika, mama?"

"Nimeshika."

Na Zubeir akajua ni kweli, maana pumzi ilimkatika.