Mguu Usio na Kliniki

Mume wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Alfajiri, mimi bado nautafuta usingizi, yeye tayari yuko sebuleni anakanyaga. Nilikuwa naianza siku kwa kumgombeza. Yeye hucheka tu na kuendelea, tena pekupeku. Anasema kiatu kinamharibia kazi.

Ana sukari na presha. Kliniki ya sukari ni Jumatatu, ya presha ni Alhamisi. Jumatatu anaeleza habari za sukari tu. Alhamisi anaeleza za presha tu. Dawa zote anameza bila kusukumwa, hapo namsifu.

Siku moja nikifagia, niliona matone mekundu chini ya cherehani. Akaniambia ni rangi ya kitambaa, maana alikuwa anashona sare nyekundu. Nikafuta. Kesho yake nikayakuta tena, na siku hiyo sare zilikuwa za kijani.

Nikamwambia, mzee wangu, lete huo mguu. Kwenye unyayo palikuwa na kidonda.

"Hakiumi," akasema. "Kisichouma si ugonjwa."

Nikamtaka amwonyeshe daktari.

"Daktari yupi? Jumatatu ni ya sukari, Alhamisi ni ya presha. Mguu hauna siku yake."

Huyo ndiye mume wangu. Ukibishana naye utakesha. Nikabandika maji jikoni ili niuloweke ule mguu, kisha nikaenda kwa jirani. Nilijua nesi wa mtaa wetu yuko pale. Kazi yake ni kuwatembelea majumbani watu wenye maradhi ya muda mrefu. Nikamwomba apitie kwetu.

Nesi alikuja, akamsalimu mzee kwa heshima, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakuanza na mguu. Aliuliza anakula nini, analala vipi, anameza dawa zipi. Akauliza kama bado anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Akapima sukari, akapima presha. Ndipo akaupakata mguu wa mume wangu. Mzee aliona haya, akataka kuuvuta, lakini nesi aliushikilia. Akamwomba afumbe macho. Akasema atamgusa vidole kwa ncha ya pamba, na kila akisikia aseme ndiyo.

Tukangoja. Mzee kimya.

"Anza basi, mwanangu," akasema.

"Nimeshamaliza, baba."

Mume wangu akafumbua macho. Hakucheka.

Nesi akainama, akakitazama kidonda vizuri. Ndani yake mlikuwa na kipande cha sindano ya cherehani. Ilivunjika akiwa kazini, akaikanyaga, na hakusikia kitu. Mtu huyu akipitisha kidole kwenye shati anagundua uzi uliolegea!

Nesi akatueleza taratibu. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi. Kidonda hakiumi, lakini kinaendelea kuoza. Kikiachwa, mguu unaweza kukatwa. Na yale maji yangu ya moto aliyakataa kabisa, maana mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

"Baba, sukari, presha na mguu ni vya mtu mmoja," akasema. "Ukienda kliniki yoyote, mpeleke mtu mzima, si ugonjwa mmoja."

Mume wangu akaitazama cherehani yake. Akaniambia nimletee viatu.

Nesi alifunika kidonda kwa kitambaa safi, akapiga simu kituo cha afya, akatusindikiza. Huko walitoa ile sindano, wakasafisha kidonda, wakampa dawa. Nesi aliongea na madaktari wote wawili, wakapanga sukari na presha vipimwe siku moja, na miguu ikaguliwe hapohapo.

Mzee aliambiwa asikanyage kwa mguu ule mpaka upone. Nani angekanyaga cherehani? Mimi. Nilikaa ubavuni pake, nikakanyaga, yeye akaongoza kitambaa. Tuligombana sana. Polepole, mama. Haya, sasa umelala? Wateja walikuja kuchukua nguo wakabaki kutucheka. Nesi naye alikuwa anapita kubadilisha bandeji, anatukuta bado tunabishana.

Kidonda kilipona. Siku hizi kila asubuhi mzee anainua miguu, naikagua juu, chini na katikati ya vidole. Anaiosha, anaikausha vizuri. Viatu anavikung'uta kwanza, asije akavaa na sindano nyingine. Tukiona hata mchubuko, tunakwenda kituoni siku hiyohiyo.

Asubuhi ya kwanza alipokanyaga tena mwenyewe, nilikuwa bado kitandani. Nikasikia cherehani inaanza, polepole, kisha kwa kasi yake ileile ya zamani. Machozi yakanitoka. Sauti ikasimama.

"Nimekuamsha, mama?"

"Kanyaga," nikamwambia. "Nasikiliza."