Majina Nyuma ya Picha ya Ransom Gilliard

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, Amos Gilliard alikutwa amekufa chini ya ngazi za jumba la kumbukumbu la Tallis Landing, pale mto Mississippi unapopinda. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Sajini Verlene Tatum aliona kisogo kilichopasuka, na kati ya vidole vya marehemu kipembe cha karatasi kuukuu. Juu, ukutani, palibaki alama nyeupe ya picha iliyoondolewa.

Watu walimtaja Curtis Rayford, seremala, aliyesikika akigombana na mzee Jumatatu. Rayford hakukana. Alisema Amos alitaka kuishusha picha ya baba yake, Ransom, shujaa aliyevusha watu kwa mashua katika mafuriko ya mwaka 1927. Mama yake Rayford alikuwa mmoja wao. Hata hivyo alimshikia mzee kiti, picha ikashushwa saa kumi na nusu jioni, naye akaenda kutengeneza mabenchi kanisani. Mchungaji alithibitisha kwamba alikuwa naye hadi usiku; daktari alikadiria kwamba Amos alikufa jioni hiyo.

Verlene akaenda kwa Eudora, dada wa marehemu, aliyewahi kumfundisha sajini huyo shule ya Jumapili. Alimkuta akikata bamia. Eudora alieleza kwamba alimpelekea Amos chakula Jumatatu saa saba mchana, akaondoka saa nane, hakurudi tena. Tangu hapo hakuwa amezungumza na mtu ila polisi aliyempa habari za msiba, bila kutaja picha.

"Nilimkanya," alisema, machozi yakimtoka. "Angeiacha picha ya baba ukutani, leo angekuwa hai."

Verlene alitazama daftari lake. "Mwalimu, saa nane picha ilikuwa bado ukutani. Umejuaje kwamba ilishushwa?"

Kisu kilisimama. Eudora aliinuka, akatoa ndani ya Biblia karatasi iliyochanika pembe moja.

Alisimulia polepole. Amos aliikuta nyuma ya picha alipoifuta vumbi, ndiyo sababu alitaka kuishusha; ulikuwa mwandiko wa baba yao. Wenye mashamba walimwamuru Ransom asiwavushe vibarua wao, wasije wakakimbia kazi, naye akatii. Kila aliyemteremsha kutoka mashuani na kumrudisha juu ya tuta la kuzuia mto alimwandika jina. Tuta lilipobomoka, wote walikwenda na maji. Amos alitaka kuisoma hadharani Jumapili. Jioni Eudora alirudi, akamnyang'anya karatasi juu ya ngazi, kaka akayumba na kuanguka.

"Nilimsikia akiniita," alisema. "Nikaondoka."

Verlene aliyasoma majina kumi na moja. La nne lilikuwa Hester Tatum, bibi yake, ambaye nyumbani waliambiwa kuwa alichukuliwa na maji akiwa usingizini.

"Ulijua?"

"Sikujua mpaka jana. Nilipofika kwenye jina hilo nilikukumbuka ulivyokuwa ukikaa benchi la mbele. Nikashindwa kuichoma."

Verlene aliiweka karatasi katika bahasha ya ushahidi na kuandika saa. Alimweleza kwamba mahakamani itasomwa yote, jina kwa jina, mji mzima ukisikia. Eudora aliitikia kwa kichwa.

Miguu ya mwalimu ilikuwa imevimba. Sajini alipiga goti, akamvalisha viatu, kimoja baada ya kingine, kisha akamsaidia kusimama.