Mashati Kumi na Tisa

Sindano ya cherehani ilipita katikati ya kidole cha fundi, na fundi akaendelea kukanyaga. Dada yake, aliyekuwa meza ya pili akishona vifungo, ndiye aliyeona damu kwenye kitambaa cheupe.

"Wewe, kidole," alisema.

Fundi akatazama. Akazungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikapanda, akajifuta kwa kipande cha kitambaa. "Itabidi nikate kola nyingine," alisema.

Dada hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuja kumtembelea mdogo wake kwa wiki mbili, na wiki ya kwanza ilikuwa haijaisha, lakini alishaona ya kumtosha. Alishamwona anagugumia chai inayotoa moshi bila hata kupuliza. Na wifi yake, mke wa fundi, alimnong'oneza jikoni: "Wifi, naishi na mtu ambaye akitaka kucheka anaangalia kwanza wenzake wanacheka vipi."

Siku hiyo akambana. Fundi akasema yote, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitambaa.

Miaka mitatu na ushee nyuma, mkewe alitakiwa kupasuliwa na pesa hakuna. Alishabisha hodi kila mlango. Mchana mmoja, saa sita kamili, sauti ilimwita kutoka nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na yeye hakuwa ameona mtu akiingia. Sauti ilitaka mashati sitini, moja kila mwezi, na malipo ya yote ilikuwa imeshayaweka ndani ya bahasha juu ya kigoda. Mke alipasuliwa, na baada ya miezi mingi akapona.

"Nilipoletewa habari nikasema vizuri, nikarudi kupiga pasi," alisema fundi. "Nilijua natakiwa kufurahi. Nilijua tu."

"Na hayo mashati ni ya nani?"

Fundi akamfungulia daftari la vipimo. Shati la kwanza lilikuwa la kichanga. La kumi na tano lilikuwa la mtoto anayekimbia. Lile lililokuwa mezani, lenye damu, lilikuwa la arobaini na moja, na lingemfaa kijana anayeanza kuota ndevu.

"Kila mwezi anakua," alisema fundi. "Na kila mwezi mimi kitu fulani kinaganda. Vilianza vidole. Ukifika sitini sijui kitakuwa kimebaki nini."

Dada alifunga daftari. Roho ilimuuma, na kwa kuwa mdogo wake hakuweza tena kuumia mwenyewe, aliona ni juu yake kuumia kwa niaba ya wote wawili. "Tutayamaliza," alisema. "Mimi na wewe, kabla sijaondoka."

Kesho yake, saa sita, duka likaanza kunuka kitambaa kilichoungua pasi. Pasi yenyewe ilikuwa imezimwa. Fundi alipitisha shati la arobaini na moja juu ya pazia, na likavutwa polepole upande wa pili. Dada akainama. Pazia lilikuwa halifiki chini, na chini yake kulikuwa na sakafu tupu, bila miguu.

"Tunataka kumaliza mapema," alisema kwa sauti ndogo.

Sauti ikajibu: "Ruhusa. Akisaidiwa na ndugu wa damu."

"Mimi ni dada yake. Tupe vipimo vilivyobaki."

"Huko sijafika," ilisema sauti, kwa upole. "Nikadirieni."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na kusema kweli fundi yeyote aliyelelewa kama wao angelifanya. Marehemu mama yao alikuwa mshonaji asiye na sanamu ya kuvalisha nguo. Akiletewa kazi ya mtu asiyekuwepo, alimsimamisha mtoto aliye karibu juu ya kigoda na kukadiria kwake. Aliyekuwa karibu siku zote ni huyu huyu mdogo, kwani walizaliwa wawili tu; ndiyo maana pasi ya moto ilimwangukia, ikamwachia kovu kwenye mguu wa kushoto. Kwa hiyo Dada alifanya alivyozoea. Alimsimamisha mdogo wake, akampima shingo, kifua, mabega na mikono, akawa anataja, na fundi anaandika kwa mwandiko wake, ile nne yake kama kiti kilichopinduka. Hicho kikawa kipimo cha shati la sitini. Yaliyo katikati akayagawanya kwa hesabu.

Walishona siku sita. Wifi alileta chakula dukani bila kuuliza. Siku ya mwisho fundi alisema, akiwa anakata uzi: "Haya yakiisha, nataka chai iniunguze ulimi."

Dada alilazimika kugeuka ukutani.

Saa sita harufu ilikuja, nayo ilikuja nzito, na mashati yakaanza kupita juu ya pazia, moja baada ya jingine, na kila moja lilipovutwa Dada alisikia kitambaa kikinyooshwa juu ya kitu, kisha vifungo, kimoja kimoja, kisha pumzi, na pumzi ile ilikuwa ikizidi kuwa nene, mpaka shati la hamsini na tisa, ambapo aliinama tena na kuona nyayo mbili za kijivu zisizo na kucha zikikanyaga sakafu, na kabla hajapata neno la kusema, sauti iliomba fundi aingie amvalishe la mwisho mwenyewe, aangalie mabega yalivyokaa, jambo ambalo kila fundi humfanyia mteja wake, na fundi, aliyekuwa hana tena cha kumwogopesha, akachukua shati, akafunua pazia, akaingia. Miguu ikawa minne. Kisha ikawa miwili.

Mdogo wake akatoka, amevaa shati jipya.

"Dada," alisema, machozi yakimtoka. "Imekwisha."

Akamkumbatia, na mwili wake ulikuwa na joto. Nyumbani alimbeba mkewe kama bwana harusi, mkewe akicheka na kulia. Alipoletewa chai alipiga funda kubwa, akaruka. "Imeniunguza ulimi," alisema, akacheka kabla ya mtu mwingine yeyote kucheka.

Jioni hiyo alivua viatu kizingitini. Kovu la pasi lilikuwa kwenye mguu wa kulia.

Dada alijiambia amesahau. Alikuwepo pasi ilipoanguka, yeye ndiye aliyepaka dawa, lakini alijiambia amesahau. Wifi yake alikuwa akiimba jikoni, na hakuna aliyemsikia akiimba kwa miaka mitatu. Dada akaahirisha safari, kisha akaahirisha tena, na kila siku alikwenda dukani kusaidia.

Mwezi ulipotimia, saa sita, harufu ikarudi. Yule mwanamume alikuwa kwenye cherehani ya mbele akipiga mluzi, na hakuinua kichwa. Dada alikwenda kwenye pazia. Juu ya kigoda palikuwa na karatasi.

Vipimo vya kichanga: shingo inchi nane na nusu. Mkono sita na robo. Kifua kumi na nne. Nne yenyewe ilikuwa kama kiti kilichopinduka.

"Dada," ilisema sauti, ndogo sana, karibu na sikio lake. "Nipo. Sisikii chochote, lakini nipo."

Alirudi mezani. Kipimo cha shati la sitini alikuwa nacho. Kilikuwa kimekaa pale mbele, kikipiga mluzi. Vipimo vya mashati mengine vingekuja kimoja kila mwezi, na safari hii hakuwepo ndugu mwingine wa damu wa kuharakisha. Miaka mitano, mpaka mdogo wake akue tena. Alichukua sindano, akajichoma ncha ya kidole, makusudi.

Iliuma. Akasubiri mpaka maumivu yakaisha yenyewe, ayakumbuke vizuri, kisha akakunjua kitambaa cheupe na kuanza kukata.