Mstari Chini ya Jiwe

Rafiki yangu Okeyo, karani wa duka la Gopal mjini Kisii, alikuwa mgonjwa wa riwaya za upelelezi. Penseli haikumtoka sikioni. Kila saa iliyosimama kitabuni, kila kunguru aliyetua dirishani, alivipigia mstari na kumwambia mkewe Benter, "Mwandishi hataji kitu bure. Hapa kuna mtu atakufa." Hakukosea hata mara moja.

Mwaka wa 1951, Benter akiwa wiki ya tatu kitandani kwa homa, Gopal alimtuma Okeyo kijijini Tabaka kuchukua vinyago vya mawe. Alasiri hiyo wingu lilifunika machimbo, kibanda cha mchongaji kikawa giza. Ilisikika patasi tu: ko, ko, ko.

Mzee mchongaji alitumbukiza vinyago kwenye karai la maji, kimoja kimoja, kwa kuwa jiwe kavu ni vumbi jeupe tu. Likilowa ndipo huonyesha sura yake. Mwisho akampa kinyago kidogo cha mwanamke aliyelala.

"Hiki mkeo alikiagiza asubuhi. Alisema karani wa Gopal atakipitia."

"Mzee, mke wangu hata kuketi hawezi."

"Mbona alikuja kwa miguu? Alikaa hapo ulipo."

Okeyo alijilazimisha kucheka. Hiki si kitabu, alijiambia, hapa hakuna mwandishi. Akakitumbukiza majini mwenyewe. Vumbi likatoka polepole, na chini ya yule mwanamke ukajitokeza mstari mmoja wa penseli, umenyooka.

Akapeleka mkono sikioni. Penseli haikuwepo.