Peni ya Custodio

Maji yalikuwa yameshakupwa na jua linaelekea kuzama Erminda Chiguay alipovaa buti zake za mpira, akatia kwenye kikapu daftari jipya, mfuko wa nailoni wenye zipu na mkanda wa gundi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kuvuka kwa miguu hadi kisiwa cha Puquitra, kubadilisha daftari lililolowa ndani ya kisanduku cha mumewe, na kurudi kabla maji hayajajaa. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Wenye mchezo walikuwa wamemwandikia kwa adabu zote kwamba kisanduku kisipotengenezwa mwezi huu, ukurasa wake mtandaoni utafungwa.

Mumewe alikuwa Custodio Mansilla, fundi wa injini za boti, mtu aliyekolewa na ule mchezo wa kuficha vitu na kuwaachia wageni namba za ramani wavitafute kwa simu. Ukikipata kisanduku unaandika jina lako kwenye daftari la ndani. Ukichukua kidude unaacha kidude. Jioni unasimulia kwenye mtandao safari yako ilivyokuwa. Custodio alificha kimoja tu maisha yake yote, chini ya ngazi za kanisa bovu la Puquitra, na watu wakaja kukitafuta kutoka Santiago, wengine kutoka Ujerumani.

"Watu wazima na akili zao," Erminda alikuwa akimcheka, "wanapanda ndege kuja huku visiwani Chiloé kuchukua kifungo cha shati!"

"Hawaji kuchukua kifungo, Mindi. Wanakuja kutembea juu ya bahari."

Na ndivyo walivyoandika. Kwamba walipita juu ya fungu la mchanga huku kaa wakiwakimbia miguuni. Kwamba mvua iliwakamata wakajificha kanisani, wakala kiazi baridi, na hawajawahi kula kiazi kitamu namna ile. Custodio alikuwa akiyasoma maneno yale kwa sauti kando ya jiko la kuni, mwenyewe amefurahi mpaka masikio yanacheza.

Miezi kumi na minne iliyopita alitoka kwenda kutengeneza boti iliyozima injini mlangoni mwa ghuba. Boti ilipatikana. Yeye hakupatikana.

Tangu hapo Erminda hakuomba kingine duniani. Mwili tu. Auoshe, auvalishe, auzike mahali ambapo Jumapili anaweza kwenda kuchomeka mshumaa. Jeneza la mbao za sipresi lilikuwa tayari bandani, limeegemezwa ukutani karibu na magunia ya viazi. Watu walimwambia ajikaze. Alijikaza kisabuni mchana, usiku akalia kama mtoto.

Halafu mwezi uliopita yakaja maandiko matatu.

Aliyemsomea ni Nolfa, dada wa Custodio, ambaye naye alikuwa mchezaji, tena mchezaji sugu. Mwalimu mmoja wa Temuco aliandika kwamba alisahau peni, lakini mzee mmoja mkarimu pale kisiwani akamwazima yake. Wiki ya pili, mama mmoja wa Santiago: peni yake iligoma kwa baridi, mzee akampa nyingine. Wiki ya tatu, kijana wa kupiga picha: "Namshukuru mzee wa kanisani kwa peni. Pole yake kwa kile kidole."

Custodio alikatwa nusu ya dole gumba na msumeno akiwa na miaka ishirini.

Puquitra hakai mtu. Hata kondoo hawapelekwi.

Sasa mawifi hawa wawili walikuwa wameketi ndani ya gari la Nolfa, pua ya gari ikitazama kisiwa.

"Wifi, nikwambie kitu ambacho hutapenda kukisikia," Nolfa alisema. "Watu hawa watatu, nimewafuatilia. Tangu siku walipotoka pale hawajaandika popote. Yule mwalimu alikuwa anapata visanduku vinne kwa siku. Ghafla kimya. Wote watatu, kimya."

"Wamechoka."

"Watu wa mchezo huu hawachoki. Mimi na goti hili sichoki."

"Basi wamepata kazi za maana."

Nolfa hakucheka. Alitazama kikapuni. "Peni unayo?"

"Ninayo."

"Nionyeshe."

Erminda alitazama nje.

"Huna, au umeiacha?"

"Nimeiacha. Kama ni yeye, atanipa."

"Na kama si yeye?"

Erminda alifungua mlango wa gari. Harufu ya matope na mwani ikaingia. Nolfa akamshika mkono wa sweta.

"Leo Jumanne. Sema maneno kwanza."

"Nolfa, sisi si watoto."

"Leo Jumanne, kesho Jumanne, Jumanne wiki nzima," Nolfa alisema haraka haraka, akatema mate dirishani, kama walivyofundishwa na bibi zao kuwazuia wale wa usiku ambao hatuwataji. "Haya, sema na wewe."

Erminda hakusema. Hakutaka kuzuia kitu. Alitaka kije.

"Maji yakianza kurudi nitawasha taa," Nolfa alisema. "Ukiona taa, acha kila kitu ukimbie. Umenisikia, wifi?"

"Si uje nami?"

"Goti linauma. Na naogopa. Chagua mwenyewe."

Fungu la mchanga lilikuwa limekauka mpaka kisiwani. Erminda alitembea bila kugeuka. Mwanzoni alisikia ndege wa pwani wakigombana, na buti zake zikivuta matope, chwap, chwap. Alipofika katikati, ndege walinyamaza. Wote kwa pamoja, kama watu wanaosengenya wakamwona wanayemsengenya anaingia.

Kanisa lilikuwa limeinama upande mmoja, vigae vyake vya mbao vimeng'oka na kuacha mianya. Alipiga magoti penye ngazi, akaingiza mkono, akavuta bakuli la plastiki alilolijua vizuri. Lilikuwa la kwake, la kuhifadhia supu. Custodio aliliiba jikoni.

Alifungua. Daftari lilikuwa limelowa chapachapa. Kurasa zimeshikana, wino umeyeyuka, majina ya miaka minne yamegeuka madoa ya bluu. Alifunua moja moja, asije akazichana.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina matatu.

Makavu. Meusi. Karatasi imelowa lakini majina hayajalowa.

Akapitisha kidole juu yake. Yalikuwa ya baridi.

"Sina peni," Erminda alisema kwa sauti ndogo. Akajisikia mjinga. Akarudia. "Custo... sina peni."

Upepo ulikuwa umekatika. Alisikia matone. Tap... tap... Mvua haikuwepo. Halafu ikaja harufu ya dizeli, dizeli na jasho la sweta ya sufu, harufu aliyolala nayo miaka thelathini na moja. Machozi yakamtoka kabla hajaogopa.

Ndani ya kanisa, nyuma ya mbao, mtu alikohoa.

Mkono ukatokeza penye mwanya. Mweupe, umenyauka kama mkono wa mfuaji nguo. Ulishika peni nyeusi ya kawaida, ya kuuzwa dukani. Dole gumba lilikuwa nusu.

"Mindi," ilinong'ona sauti.

"Uko wapi? Niambie ulipo, nije na watu tukutoe. Jeneza lako liko tayari. Niambie tu, Custo, nakuomba."

"Mbali. Chini. Wananisogeza pwani kwa majina. Kila jina, hatua."

"Nani wanakusogeza?"

Matone yakaendelea.

"Wale watatu wako wapi?"

"Wanajifunza kazi," sauti ikasema. "Limebaki moja. Moja tu, nifike pwani."

Erminda aliipokea peni. Ubaridi ukampanda mpaka kwenye bega. Tusimlaumu. Mtu aliyelia miezi kumi na minne hana hesabu za kupiga. Aliweka daftari juu ya goti, akaanza kutafuta mstari wa kuandika Erminda.

"Si la kwako," sauti ikasema.

"Nini?"

"Wewe nakutaka huko juu. Nani atanizika? Andika la Nolfa."

Ng'ambo, kwenye giza lililokuwa linaanza kushika, taa za gari ziliwaka. Zikazima. Zikawaka. Honi ikalia.

"Ni dada yako, Custo."

"Baridi, Mindi."

"Alikulea mgongoni!"

"Baridi," sauti ikasema tena, na safari hii ilikuwa inalia. Ililia kama Custodio alivyolia mama yake alipokufa, kwa kumeza hewa, kwa aibu. Hakuna mchawi anayeweza kuiga kilio kile. Au yuko. Erminda hakujua, na hilo ndilo lililommaliza. "Jina tu. Kesho utaniona. Utaniosha. Andika."

Honi ililia tena, ndefu.

Akaandika N.

Akaandika o. Akaandika l.

Maji yakamgusa goti.

Hapo ndipo alipopiga kelele, akatupa peni, akatupa daftari, akaacha kikapu na vyote vilivyomo, akakimbia. Fungu lilikuwa limeshafunikwa. Maji yalimfika mapajani, yakamfika kiunoni, na nyuma yake hakuna aliyemfukuza. Kulikuwa na sauti tu, inamwita kwa jina la nyumbani, bila hasira, mpaka injini ya gari ikaizima.

Nolfa alimfunika blanketi, akawasha kipasha joto cha gari, akamsugua mikono. Akaacha kusugua. Kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Erminda kulikuwa na wino mweusi, na maji yote yale ya bahari hayakuutoa.

"Ulisema huna peni," Nolfa alisema.

"Nimeiokota."

"Umemwona?"

Erminda alitikisa kichwa. "Hakuna kitu kule. Kisanduku kimeoza. Usiende, wifi. Niapie hutakwenda."

"Umeandika nini?"

"Sikuandika kitu."

Nolfa alivitazama tena vile vidole. Kisha akatia gia, wakarudi. Kwa siku sita zilizofuata alikuja kila jioni na milkao, mikate ya viazi ya moto, akakaa kando ya jiko, akanywa chai ya majani ya kwao, akasimulia umbea wa sokoni. Peni hakuitaja tena. Erminda alidhani yameisha. Kila usiku alijiambia kesho atamweleza, na kila ilipofika kesho ulimi ukawa mzito. Ungeanzia wapi kumwambia mtu jambo kama lile?

Jumanne Nolfa hakuja.

Jumatano alfajiri waokota chaza waligonga mlango wa Erminda kwa ngumi. Custodio alikuwa amelala kwenye mchanga mbele ya nyumba yake mwenyewe, hatua ishirini kutoka getini. Maiti, lakini mwili mzima. Miezi kumi na minne ndani ya maji, na ngozi yake kama ya mtu aliyezama jana jioni. Mganga wa zahanati alikuna kichwa, akasema ni baridi ya bahari. Wanawake wakapiga ishara ya msalaba. Wanaume wakavua kofia.

Erminda alipiga magoti akashika ule mkono. Nusu ya dole gumba. Kovu lile lile. Tusiseme uongo: alifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Chiloé, kwa sababu sasa angemuosha, angemvalisha, na Jumapili angekuwa na mahali pa kwenda.

Ndipo akasema, "Mwiteni Nolfa."

Watu wakatazamana. Mmoja alikwenda nyumbani kwake akarudi anahema. Jiko limepoa. Kitanda kimetandikwa. Gari lilikuwa kule ufukweni, pua ikitazama Puquitra, ufunguo ndani.

"Mama Erminda, unakwenda wapi? Maiti haijainuliwa!"

Maji yalikuwa yamekupwa. Alivuka mbio na viatu vya nyumbani, akianguka na kuinuka, akiita wifi, wifi, mpaka sauti ikakauka. Kisiwani hapakuwa na mtu. Mchangani kulikuwa na nyayo za mtu anayevuta mguu mmoja, zinakwenda kanisani. Za kurudi hazikuwepo.

Bakuli lilikuwa mahali pake chini ya ngazi, limefungwa mkanda raundi tatu, nadhifu, kama anavyofunga mchezaji anayejali watakaokuja baada yake. Erminda aliung'oa mkanda kwa meno. Daftari lile lile la zamani lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni aliouacha kikapuni. Akafunua mpaka ukurasa wa mwisho.

Majina manne.

La nne lilisomeka Nolfa Mansilla Barría. Herufi tatu za kwanza zilikuwa zimepinda, za haraka, mwandiko wa Erminda. Zilizobaki zilikuwa za Nolfa mwenyewe, zimenyooka mstarini, za mtu ambaye hana pa kuwahi. Alikuja akakuta jina lake limeanzwa, akajua ni mkono wa nani, akakaa akalimalizia.