Abiria wa Kiti cha Nyuma

LaRue Tolman ni jirani yangu, tunatenganishwa na uzio tu. Si mwanamke wa kutunga mambo. Haya alinieleza mara moja, jikoni kwake, akaniomba nisimuulize tena.

Ilikuwa Jumatatu ya Januari. Theluji ilianguka usiku kucha, asubuhi jua likatoka kali. Mumewe Verl, aliyekuwa ametoka hospitali wiki tatu nyuma na mapafu yake mabovu, akasema amechoka kutazama ukuta. Alitaka kuona majabali mekundu yaliyovaa theluji. LaRue akamkalisha mbele, akamwekea mtungi wa oksijeni miguuni, akashika usukani.

"Bibie, unaendesha kama umebeba mayai," Verl alisema walipoanza kuteremka korongoni.

"Mayai hayana mdomo kama wako."

Chini walisimama mahali pa kutazamia, penye ukuta mfupi wa mawe, na nyuma ya ukuta huo shimo ambalo jiwe ukilitupa husikii likitua. LaRue alishuka peke yake. Alimenya chungwa, maganda akayaacha juu ya ukuta. Alipoingia garini, saa ilionyesha sita na dakika kumi. Mtungi ulikuwa na hewa ya saa mbili. Nyumbani, kwa kuendelea mbele, ni dakika arobaini.

Barabara ile ni moja tu, haina njia panda. Walikwenda mbele, kona baada ya kona, kuta nyekundu zikipanda pande zote mbili. Baadaye LaRue akaona alama za magurudumu kwenye theluji. Alifurahi. Alidhani kuna mwenzao ametangulia.

Kisha wakafika kwenye ukuta mfupi wa mawe. Maganda ya chungwa yalikuwa juu yake.

LaRue akasimamisha gari, akatazama buti zake zilivyoacha alama pale chini.

"Umegeuza saa ngapi?" Verl aliuliza.

"Sijageuza."

Hawakubishana. LaRue aligeuza gari sasa, kweli kweli, akapanda kurudi walikotoka. Simu haikushika mtandao, lakini korongoni huwa haishiki kamwe. Walipanda kwa muda mrefu. Halafu barabara ikaanza kuteremka yenyewe, na ukuta ukawa mbele yao tena.

Safari hii theluji ilikuwa na nyayo nyingine. Miguu mitupu, nyembamba, ya mtu mzima. Zilianzia juu ya ukuta, upande wa shimo, zikaja moja kwa moja hadi pale gari lao lilipokuwa limesimama. Ziliishia pale ulipokuwa mlango wa nyuma.

Hazikuondoka.

"Mke wangu," Verl alinong'ona. "Hiyo taa imewaka tangu lini?"

Ilikuwa taa ndogo nyekundu, ile inayowaka abiria wa nyuma akikaa bila kufunga mkanda.

"Usigeuke," Verl alisema.

Hakugeuka. Kioo cha kati alikigeuzia juu, kikaonyesha dari. Aliendesha. Ukuta ukaja. Akaendesha tena. Ukaja. Saa ilikuwa bado sita na dakika kumi na jua halikusogea, ila mshale wa mtungi ulisogea. Uliingia kwenye nyekundu. Midomo ya Verl ikawa na rangi ya majivu. Shingo ya LaRue ilikuwa baridi upande mmoja tu.

Alilia bila sauti. Alifikiri kufungua mlango akimbie, lakini kukimbia ni kumwacha Verl na kile kilichokaa nyuma yake.

Verl alikuwa dereva wa basi miaka thelathini. Akavuta pumzi, mbili, tatu, za kumtosha sentensi moja. Akasema kwa sauti yake ya kazini, ya upole, bila kugeuka:

"Haya, abiria wa nyuma. Funga mkanda, tuondoke."



Halafu mkanda ukavutwa, taratibu. Ukabana. Tak.

Taa ikazimika.

Kona iliyofuata ilikuwa na paa la nyumba, moshi, na mbwa wa watu akibweka. Walifika kwao mtungi ukiwa mtupu, Verl akapumua kwa ule wa akiba. LaRue alikaa dirishani hadi jioni akitazama theluji ya uani kulizunguka gari. Palikuwa na nyayo zake na za mumewe. Hakuna aliyeshuka nyuma.

Verl alifariki Aprili ya mwaka uleule, kitandani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Gari lipo pale pale uani. LaRue hajaliuza, anasema hawezi kumuuzia mtu kitu kile.

Nimechungulia dirishani mwenyewe. Mkanda wa nyuma umefungwa, lakini haujalala kitini. Umesimama hewani, umetuna, kama uliomzunguka mtu. Mwaka juzi nafasi kati ya mkanda na kiti ilikuwa ya ngumi yangu.

Jana nilitazama tena. Mkanda umevutika karibu kufika mwisho. Kilichokaa pale kinanenepa.