Zulia la Itto

Tuda aliingia sokoni Fes asubuhi kweupe, begi begani, akijipenyeza kati ya punda wenye mizigo na wale wenye maduka ambao ukipepesa jicho tu umeshakabidhiwa bilauri ya chai ya nanaa. Masoko ya Khenifra na Meknes alishayamaliza. Alikuwa akitafuta zulia la marehemu mdogo wake, Itto, aliyekata roho akiwa bado analifuma.

Kwao milimani, zulia likikatwa kutoka kwenye mtambo wa kufumia humwagiwa maji kama maiti anavyooshwa, kwa sababu muda wote lilipokuwa kwenye nyuzi lilikuwa hai. Mume wa Itto, kwa uroho wake, alilikata kavukavu akaliuza hata matanga hayajaanuliwa. Tangu siku hiyo mama yao akawa anasikia kitana cha chuma cha kufumia kikigonga sufu, ngo, ngo, ndani ya chumba kitupu. Aliacha kula. Sasa alikuwa mifupa mitupu, na Tuda alikuwa ameapa kwamba hazikwi mtu wa pili.

Alilikuta dukani kwa Si Laarbi, mzee muuza mazulia, limefichwa nyuma kabisa. Mstari mwekundu ulikuwa umepinda. Itto hakuwahi kunyoosha mstari maishani mwake.

"Hilo haliuzwi, Lalla, bibi yangu," mzee akanong'ona. "Kila anayelinunua analirudisha. Linarefuka."

"Nipe maji."

"Una wazimu, mama? Juzi nimelitia mkasi, likalia!"

"Likalia, nawe ukalia. Nipe maji, au nikachote mwenyewe."

Akampa birika, akatimkia nje.

Tuda akalitandaza. Kelele za soko zikakatika ghafla.

Ngo.

Sakafu ikatetemeka. Ngo. Ngo. Nyuzi za pindoni zikasogea, zikamshika mkono. Zilikuwa na joto. Woga ulimshika, lakini hasira ilimpanda zaidi.

"Itto, mimi ni dada yako," akanong'ona. "Nimekubeba mgongoni, leo unanivuta mkono? Mama humchukui. Tulia nikuoshe."

Nyuzi zikakaza. Akapiga bismillahi, akamwaga. Zulia likaguna, likajinyonganyonga. Akalikalia. Akamwaga tena, mpaka tone la mwisho.

Kimya.

Kisha soko likarudi na zogo lake, na simu ikaita. Alikuwa jirani yao. "Mama yako anadai mkate, anagombana na kila mtu!"

Tuda akalia kwa furaha. Si Laarbi akachungulia mlangoni.

"Lichukue bure. Lakini Lalla, hebu tazama pindo."

Palikuwa na safu mpya, imekazwa vizuri, ya nywele nyeusi zenye mvi. Tuda akapeleka mkono kichwani. Kitambaa kilikuwa kimefungwa vilevile alivyokifunga alfajiri. Akaingiza vidole chini yake. Kisogoni, ngozi tupu.

Akalikunja zulia, akalitupa begani likiwa linachuruzika maji.

"Hizo zako, Itto," akasema. "Zilizobaki ni zangu."